Mshumaa Unaowaka Kwenye Mikahawa

Somo la juma hili: Habakuki 2:1–3

Stima ikipotea usiku, jaribu jambo moja kabla hujaenda kulala. Washa mshumaa, fungua pazia, kisha simama hatua mbili kutoka dirishani. Utaona mwali wa pili. Haupo sebuleni. Unawaka nje, shambani, katikati ya mikahawa. Hauchomi jani, upepo wa kule nje hauutikisi, na nyuma yake matawi yanaonekana kama mwezi upo. Kioo kile kile kinakuonyesha shamba na papo hapo kinakurudishia mwanga wako.

Sasa sogeza kichwa kushoto kidogo, halafu kulia. Mwali utahama. Ulikuwa juu ya mkahawa mmoja, sasa umeruka hadi kwenye nguzo ya ua. Ukisogea tena, umefika kwenye mlango wa zizi. Nakuomba ulishike jambo hilo la kuhama, maana ndilo lililoninyima usingizi usiku wa Alhamisi.

Alhamisi hiyo mchana kijana mmoja wa ushirika wetu, anayesomea uhandisi hapa Nyeri, alikuja ofisini kwangu amebeba boksi la plaiwudi. Alikuwa amelifunika kwa kitambaa cheupe, na alilibeba kwa mikono miwili kama mzee wa kanisa anavyobeba mkate wa Meza ya Bwana. Akaniambia, "Mchungaji, naomba ukiombee hiki." Mimi siombei kitu nisichokijua. Nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu, unifundishe."

Ndani ya boksi mlikuwa na skrini ndogo iliyolala chali, lenzi pana juu yake, na juu ya lenzi kipande cha kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Yeye na wenzake wana ndoto ya kuunda ndege ya watu wawili kwa mikono yao. Boksi lile ndilo litakalokaa mbele ya uso wa rubani. Kasi, kimo na mstari wa upeo wa macho vitapanda kutoka kwenye skrini, vitapita kwenye lenzi, vitagonga kioo na kurudi machoni mwa rubani, naye anaendelea kutazama anga kupitia kioo hicho hicho. Hatalazimika kuinama kusoma dashibodi.

"Na akiinama kuna ubaya gani?" nikamwuliza. "Si sekunde mbili tu?"

"Mchungaji, ndege ndogo ikiwa inatua, sekunde mbili ni zaidi ya mita 50. Macho yakitoka gizani mwa dashibodi kwenda kwenye jua la nje, yanahitaji muda tena kuzoea. Wengi huumia katika muda huo."

Nyeri si mgeni wa ndoto hii. Mwaka 2010 habari za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa hapa kwetu, zilienea duniani. Alikuwa akiunda ndege kwa mikono yake, akiwa na injini ya gari la Toyota na maarifa aliyoyaokota kwenye intaneti. Majaribio yake ya mwanzo hayakumpeleka angani, na wako waliocheka. Mimi sikucheka wakati ule, na leo nafurahi kwamba sikucheka. Mtu anayetaka kuruka kutoka huku kwetu anaanza na deni. Tuko karibu mita 1,750 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za kupanda. Kabla gurudumu halijasogea, zaidi ya sehemu ya sita ya nguvu imeshakwenda. Bawa nalo, katika hewa hiyo hiyo nyepesi, linadai kasi kubwa zaidi ndipo linyanyue. Injini ile ile ingekuwa na kifua kipana zaidi kule Malindi. Kwa hiyo ukimwona kijana wa mlimani anahangaika na ndege, jua kwamba anapigana na zaidi ya umaskini wa vifaa.

Kwingineko wapo waliotangulia. Marekani wana chama cha waunda ndege wa nyumbani tangu 1953, na sheria yao inamruhusu mtu kuruka na ndege aliyoiunda mwenyewe baada ya kukaguliwa. Ndege hizo hazifungwi na masharti yote ya ndege za abiria, na kwa hiyo waundaji wake huthubutu. Wapo waliotengeneza vioo kama hiki kwa kompyuta za ukubwa wa kiganja na vipimo vya mwendo vya bei ya chini. Ndege kubwa nazo zinavyo. Boeing 787 za Kenya Airways, zilizoanza kufika nchini Aprili 2014, zina kioo kimoja mbele ya kila rubani. Ukimsindikiza mwanao pale uwanjani na ndege hiyo ikapaa, jua kwamba wale wawili walioko mbele wanatazama njia yake kupitia alama za rangi ya kijani zinazoelea hewani.

Nilimsikiliza, kisha nikamweleza habari ya mshumaa wa dirishani. Akatabasamu. "Ndiyo sababu ya lenzi," akasema. Akaliweka boksi dirishani, upande unaotazama ukingo wa msitu, akaiondoa lenzi na kuniita nitazame. Mstari wa kijani ulielea karibu, kama uzi uliotundikwa nje kidogo ya fremu. Nilipotikisa kichwa, ukahama. Ni mshumaa ule ule. Tena kulikuwa na mstari wa pili, hafifu, chini ya ule wa kwanza, kwa kuwa kioo cha kawaida kina nyuso mbili na kila uso unarudisha taswira yake. Kioo chake cha kweli, alinieleza, kitapakwa utando upande mmoja ili uso mmoja tu ndio useme.

Kisha akairudisha lenzi, akaisogeza juu na chini taratibu mpaka skrini ikakaa sawasawa kwenye fokasi yake. Hapo miale inatoka ikiwa sambamba, kama mwanga unaotoka kwenye nyota, na jicho linaamini kwamba kitu kile kiko mbali sana. Mstari ukaondoka dirishani. Ukaenda kukaa juu ya miti, kule kwenye ukingo wa msitu. Nikasogeza kichwa kushoto, ukabaki pale pale. Nikainama, ukabaki. Nikasogea zaidi, nje ya upana wa lenzi, na sikuuona tena. Nikarudi polepole, nikaukuta palepale juu ya miti. Ulikuwa umetoweka machoni pangu, lakini haukuwa umehama.

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi na sijawahi kufundishwa na boksi la plaiwudi. Nilikaa kimya hadi kijana akadhani nimechukizwa.

Nilikuwa nawaza jinsi tunavyotumia mshumaa na kuuita Neno la Mungu. Unawaka mzuri, unaonekana uko nje yetu, kumbe ni mwanga wetu wenyewe unaorudi, na unahama kila tunapohamisha vichwa. Kijana wa bodaboda akimpa msichana mimba, tunamsimamisha mbele ya ushirika, tunamwondoa kwenye kwaya, na jina lake linasomwa. Mwenye gari kubwa, yule ambaye kila harambee mchango wake hutajwa wa kwanza, akifanya jambo lile lile, wazee wawili wanatumwa kwake jioni, wanaandaliwa chai, na mambo yanaishia kwenye chai. Mstari ulikuwa juu ya mkahawa, sasa uko kwenye mlango wa zizi. Nimekuwa mmoja wa wale wazee wawili. Nimekunywa chai hiyo. Nalisema hili kwa sababu msichana yule pia ni wa ushirika wetu, na aliona wapi tulipoelekea jioni ile.

Habakuki alikuwa na manung'uniko makubwa kuliko yetu. Dhuluma ilijaa, sheria ililegea, na Mungu alionekana kama hasikii. Lakini tazama alichofanya. Alipanda mnarani, akasimama kwenye zamu yake, akangoja kuona ataambiwa nini. Hakushuka na maono aliyojitungia. Na alipojibiwa, aliagizwa ayaandike maono kwenye vibao, yaeleweke wazi, mtu anayepiga mbio aweze kuyasoma. Wafafanuzi wengine husema ni msomaji atakayekimbia kwenda kuyatangaza. Mimi nashikamana na wale wanaosema ni mtu aliye mbioni tayari: hana nafasi ya kukaa chini, hana nafasi ya kuinama, na ujumbe lazima umfikie akiwa anakimbia, macho yakiwa njiani. Mama anayewahi soko la Karatina saa kumi alfajiri na gunia la kabichi ni mtu wa namna hiyo. Utamwandikia nini, na utakiweka wapi?

Nilimwuliza kijana ni alama ngapi ziko kwenye kioo chake. Akaniambia alianza na 14, sasa zimebaki tano. Alikuwa ameweka joto la mafuta, mizunguko ya injini, saa, jina la uwanja wa karibu, na vingine. Alipojaribu akagundua kwamba kila alama anayoongeza inafunika kipande cha dunia. Akazitoa moja moja, akiuliza kila mara kama rubani atakufa bila hiyo. Wahubiri wenzangu, nimeipitia ratiba yetu ya Jumapili kwa swali hilo, na matangazo peke yake yalichukua dakika 35 juma lililopita.

Alama chache zinaweza kutosha. Kuna wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano walioitoroka kambi ya Nanyuki mwaka 1943 ili tu waupande Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Walifua vifaa vyao wenyewe kwa vyuma chakavu, wakaiba siku, wakaficha chakula. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na lebo ya mkebe wa chakula yenye picha ya mlima. Kilele cha Batian kiliwashinda, lakini wawili wao walifika kile cha Lenana, wakatundika bendera, wakarudi kambini kwa miguu yao kukabili adhabu. Felice Benuzzi, mmoja wao, aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na nikikumbuka lebo ile huwa nashangaa jinsi picha ndogo inavyoweza kumbeba mtu mbali, mradi tu iwe picha ya mlima ulioko kweli.

Sasa nieleze kwa nini ule mstari wa upeo wa macho ni alama ambayo kijana hakuthubutu kuitoa.

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji, na ndiyo inayotuambia kama mwili unageuka. Inafanya kazi vizuri shambani. Angani, ndani ya wingu, inadanganya. Ndege ikianza kugeuka taratibu, majimaji yanafuata, yanatulia, na baada ya muda mfupi mwili unaapa kwamba tunakwenda sawa ilhali bawa moja limeinama. Rubani akinyoosha ndege, mwili unalia kwamba sasa ndiyo tunapinduka, naye anairudisha kwenye kosa, kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima wanafunzi 20 wasiozoea kuruka kwa vipimo, wakawekwa katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Sisi tunaoishi kati ya Kirinyaga na Nyandarua hatuhitaji kuelezwa wingu ni nini. Katika majira ya baridi ya gathano ukungu unatelemka hadi kwenye paa la kanisa. Ilikuwa tarehe 19 Julai 2003 ndege iliyotoka uwanja wa Wilson kwenda Samburu ilipogonga mlima wetu pale Lenana, na watu 14 wakafa, wageni 12 na marubani wao wawili. Ilikuwa tarehe 5 Juni 2018 ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipopotea kwenye milima ya Nyandarua, na watu 10 wakapatikana baada ya siku mbili, hakuna aliyekuwa hai. Sisemi kioo cha rubani kingewaokoa, wala sina haki ya kuwahukumu waliokuwa kwenye usukani. Nawataja kwa sababu walifia kwenye milima ambayo sisi huinulia macho tunapoomba, na baadhi yetu tuliwaombea bila kujua majina yao.

Sekunde 178. Nimekaa na vijana waliopoteza kazi, na wanawake walioachwa, na baba aliyeuza shamba la urithi kwa siku moja ya ulevi. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia, "Niliamua kuanguka." Wote waliniambia walidhani wanakwenda sawa. Mwili uliapa. Marafiki waliapa. Mtu akiwa ndani ya wingu, kumwambia "sikiliza moyo wako" ni kumwongezea mzigo, maana moyo ndio uliolegea kama yale majimaji ya sikioni. Anahitaji mstari ambao hakuuchora yeye, uliowekwa mbali, usiosogea akitikisika.

Lakini kati ya alama tano za kijana kuna moja niliyoipenda kuliko zote. Ni kiduara kidogo chenye vibawa viwili na mkia mfupi. Kinaonyesha mahali ndege inapokwenda kweli.

Nilimwuliza, "Je, si inakwenda kule pua inakoelekea?" Akasema hapana, na hapa ndipo alipochangamka, akaacha hata kukaa. Pua inaweza kuwa juu na ndege inashuka. Upepo wa ubavuni unaisukuma, na ndege inasafiri upande kama mbwa anayekimbia barabarani, kichwa huku na miguu kule. Upepo wa mashariki ukivuka mlima wetu unatelemka upande huu wa Naro Moru na Nanyuki kama maji yanayoruka jiwe. Rubani anavuta usukani, anaona pua inatazama mbinguni, anajipa moyo, kumbe hewa yenyewe inashuka na yeye ndani yake. Akitazama pua, yuko salama. Akitazama kiduara, kimekaa chini, kwenye mti, na bado ana nafasi ya kugeuka. Kile kiduara hakijali nia. Kinakokotoa mwendo, ndege imesogea wapi tangu sekunde iliyopita, na kinaweka alama pale itakapogonga isipobadilisha njia.

Nimekuwa mtu wa kutazama pua. Ukiniuliza habari za roho yangu nitakuambia ninakoelekea: nataka kuwa mpole, nataka kuwapa watoto wangu muda, nataka kusamehe. Na ni kweli, pua imeelekea huko. Lakini angenijia mtu akapima nilivyosogea mwaka huu, siku kwa siku, alama angeiweka wapi? Mke wangu anaweza kuniambia. Mke wa mtu anajua kiduara kiko wapi. Nakushauri umwulize wako wiki hii, na akianza kujibu usimkatize. Nanyi akina mama waulizeni wana wenu waliokwisha kukua.

Kuhusu kukinyoosha kioo nitasema kwa ufupi. Kioo hakinyooshwi angani. Ndege inasimamishwa chini, inawekwa sawa kwa pima maji, alama ya chaki inachorwa kwenye ukuta wa mbali, na mwenzako anakaza skrubu huku wewe ukitazama. Lazima awe mwenzako, kwa sababu ukitoka kwenye kiti kwenda kukaza mwenyewe, jicho lako limeshatoka mahali pake. Kazi hiyo inafanywa mchana, anga ikiwa wazi, hakuna anayeogopa. Ndivyo yalivyo mafundisho ya utotoni: tunaofundisha watoto Katekisimu tukiona wanasinzia, tusikate tamaa.

Kisha kijana akaniambia jambo ambalo alionekana kulisitasita. Kioo hiki kina hatari yake. Mwaka 1980 watafiti wa NASA waliwaweka marubani wazoefu wa ndege za abiria kwenye mashine ya mazoezi yenye kioo cha namna hii. Wakatua na kutua tena, vizuri kabisa. Halafu, bila kuwaambia, watafiti wakaweka ndege nyingine kwenye barabara ya kutulia. Wako marubani ambao hawakuiona. Macho yao yalikuwa yameielekea moja kwa moja, lakini walikuwa wanazitazama alama, na ile ndege kubwa, nyuma ya alama, ikawa kama haipo.

Hapo nilimwomba anyamaze kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mzee mmoja upande wa Othaya. Mvua ilikuwa inakuja, ratiba ilikuwa imechelewa, na mimi nilikuwa na kitabu cha ibada mkononi. Niliisoma ibada yote bila kukosea. Sala zilikuwa sawa, andiko lilikuwa sawa, udongo ulimwagwa kwa wakati wake. Jioni ndipo nilipoambiwa kwamba mjukuu wa marehemu, mvulana wa miaka tisa aliyelelewa na yule mzee, alisimama ukingoni mwa kaburi hatua tatu mbele yangu tangu mwanzo hadi mwisho, peke yake, na hakuna mkono uliomgusa bega. Hatua tatu. Nilikuwa nimetazama upande wake kwa nusu saa nzima. Hakuna neno nililosoma siku ile lililokuwa baya. Nililitazama neno, na yeye alikuwa nyuma yake.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kama kwenye kioo, kwa mafumbo, na siku moja tutaona uso kwa uso. Aliyaandika hayo katika sura ya upendo, na nadhani aliyaweka hapo makusudi. Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Nilimtafuta mwaka jana nikamwomba msamaha, akaniambia hakumbuki kama nilikuwepo.

Kijana wangu aliona uso wangu umebadilika, akadhani nitakataa kuliombea boksi lake. Akaongeza, kwa uaminifu ambao ulinigusa, kwamba asili ya kioo hiki ni vita. Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin, alikibuni mwaka 1900 kwa ajili ya kulengea bunduki, naye alichora duara kwa mwanga ili mlengaji aone shabaha na alama pamoja. Marubani wa vita waliingia nacho angani. Wazee wetu wana kumbukumbu yao ya ndege pia. Kati ya 1953 na 1955 ndege za Uingereza zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Kirinyaga na Nyandarua, zile kubwa za Lincoln zikitokea Eastleigh. Shosho mmoja wa ushirika huu hadi leo akisikia mlio wa ndege hunyamaza mpaka upite. Nilimwambia kijana kwamba Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe, na aliyezifua lazima alikuwa fundi kama yeye, mwenye masizi mikononi. Nikaweka mkono juu ya plaiwudi, nikaomba. Niliomba kioo kiwe safi. Niliomba pia awepo wa kumkazia skrubu.

Jumamosi alfajiri tulikwenda pamoja kulijaribu. Alitaka mahali panapotazama mlima pasipo na nyaya za stima, nami nikampeleka kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro hapa mjini. Wengi wenu mnapajua, wageni huja kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa akielekezwa mlimani. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huacha njiani kwa wanaowafuata nyuma: nimekwenda nyumbani. Kijana hakuwahi kuiona. Aliinama, akaigusa kwa kidole, kisha akaniangalia, kwa sababu juu ya kioo chake, katikati kabisa, palikuwa na duara na nukta.

Tuliliweka boksi juu ya ukuta mfupi wa mawe, tukalielekeza kaskazini mashariki kwa dira. Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote, hata mabega yake hayakuonekana. Duara la kijani lilielea juu ya weupe mtupu. Nikasogeza kichwa huku na huku, na lilibaki pale. Kijana akaniuliza kama tuondoke turudi siku nyingine. Nikamwambia bado ni saa kumi na mbili na nusu. Tukaketi kwenye nyasi zenye umande, yeye akatoa chupa ya chai, nami nikashika kikombe kwa mikono miwili kwa ajili ya baridi, tukiendelea kutazama pale palipokuwa na alama.